Kapeti Mbichi Upande wa Mjomba Amuri

Juzi mkwe wangu alikuwa ananipeleka Ruhwa kwenye harusi. Mjukuu wangu, huyu wa miaka mitano anayejua vifungo vyote vya gari la baba yake, akabonyeza kimoja, na hewa ya moto ikanipuliza miguuni. Nilipiga kelele: "Simamisha gari! Simamisha!" Mkwe wangu alikanyaga breki mpaka kilemba changu kikanishukia machoni. Mtoto alicheka hadi akakohoa. "Bibi, hiyo ni shofaje tu!" Mimi nilikuwa nimeshapandisha miguu yote miwili juu ya kiti, kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Hewa ile ilikuwa na harufu ya mpira wa zamani na vumbi lililopikwa, na nyuma yake kulikuwa na kautamu kadogo. Mtoto hawezi kujua. Ninyi wa umri wangu, mlioishi huku kwetu miaka ile, ndio ninaowaeleza.

Shule niliishia la nne. Sikuwa mjinga. Shule ilifungwa, na ilipofunguliwa nilikuwa nimeshazoea kazi. Nimekuwa bibi nikiwa na meno yangu yote, na nikisema kitu kuhusu gari, mafundi wa Kamembe wananyamaza kwanza. Hilo silisemi kwa unyenyekevu. Nilijifunza kwa Papa, baba yangu mzazi, na nilijifunza vibaya kabla ya kujifunza vizuri.

Papa alikuwa na kamyoneti, kigari cha mizigo, ya rangi ya maziwa. Aliinunua baada ya yale mauaji ya nchi nzima, kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza na asiyependa maswali. Ilikuwa imetoka Ulaya, kwenye theluji, na maji ya radiatere yake, yale ya kupoza injini, yalikuwa na ukijani uliofifia, kama maji yaliyosuuziwa majani. Kazi yake ilikuwa kuteremka Bugarama kuchukua mchele na kupanda nao mpaka sokoni Kamembe. Kuteremka ni raha, hata jiwe linateremka. Kupanda ndiko kunakomjua dereva. Unatoka kwenye joto la mashamba ya mpunga, unaanza mlima, na mlima haukuachi mpaka umefika juu.

Miaka ile watu walisalimiana huku wanaangaliana mikono. Mauaji yalikuwa yamepita lakini hayakuwa yameondoka. Nyumba iliyokuwa kushoto kwetu ilikuwa na wageni ambao hatukujua walikotoka, na ya kulia ilikuwa na mwenyewe, ila hatukutaka kujua alifanya nini. Halafu vita vikaanza ng'ambo ya ziwa. Sauti za bunduki za Bukavu zilikuja juu ya maji kama mtu anayepasua kuni mbali. Mtu akivuka daraja kuja kwetu, hakuulizwa ameamkaje. Aliulizwa, "Ulikuwa wapi?"

Mjomba Amuri alivuka asubuhi moja akiwa na birika la bati na mkasi. Alikuwa mdogo wake Maman, wa tumbo moja, fundi cherehani aliyekwenda Bukavu kijana bado hajaota ndevu. Cherehani yake ilibaki huko, na waliokuwa wanaishi naye pia walibaki huko, hakusema wakiwa hai au wakiwa vipi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na usingizi wake ulikuwa wa paka. Maman alilia juu ya bega lake. Papa alimpa mkono, akauangalia ule mkasi.

"Mukasi ya nini?"

"Ni ya kazi, shemeji."

"Na ile miaka yote, ulikuwa unakata nini na yo?"

Mjomba akacheka. Papa hakucheka. Akampa kazi ya kupakia magunia, akamwambia sharti moja tu, la kapo, kile kifuniko cha injini: "Kapo ya gari yangu, muntu asiiguse. Hata weye." Papa hakumwamini fundi yeyote. Alisema fundi anaingia kwenye injini kama nyoka kwenye kiota, akitoka yai moja halipo. Kila ugonjwa wa gari aliutibu mwenyewe, uani kwetu, amelala juu ya gunia.

Mbele ya kamyoneti walikaa watu watatu: Papa kwenye usukani, Mjomba mlangoni upande wa pili, na mimi katikati siku nilizopewa ruhusa. Kabla ya kuanza kupanda kutoka Bugarama walisimama kuswali alasiri kando ya njia. Mjomba alichukua udhu na birika lake, akaosha miguu mpaka juu ya kifundo, akapanda garini miguu ikichuruzika. Kila siku kapeti ya upande wake ilikuwa mbichi.

"Amuri, unataka kuotesha mupunga ndani ya gari yangu? Pangusa miguu!"

"Ni mayi ya udhu, shemeji. Ni baraka."

"Baraka inaozesha chuma."

Mimi nilicheka. Nilimpenda Mjomba, nisiwadanganye. Ndiyo maana yanayofuata yananiuma.

Wiki mbili hazijaisha tangu aje, gari likaanza kuchemka. Mshale wa moto pale kwenye dashibodi ulipanda, ukapanda, na tulipofika kwenye kona moja ya Rwimbogo, penye migomba pande zote mbili, mvuke ukatoka chini ya kapo na Papa akasimama. Radiatere ilikuwa tupu. Papa alimtuma Mjomba kwenye migomba kutafuta maji. Alikawia. Kutoka garini tulimwona anaongea na watu, anapunga mkono, wanacheka pamoja. Alirudi na bidoni, dumu la maji, na mwanamke mmoja nyuma yake, tukajaza, tukaenda.

Siku tatu baadaye, kona ileile. Wiki iliyofuata, kona ileile.

Sasa ninajua kwa nini. Ndipo mlima unapokuwa umeshaichosha injini kiasi chake. Lakini Papa hakuona mlima, aliona kona. Miaka ile gari likisimama kwenye migomba, mtu alifikiria nani yuko nyuma ya mgomba. Usiku ule nilimsikia akimwambia Maman, "Ile gari haina ugonjwa. Iko na adui."

Siku ya mapumziko alianza kupima. Alipitisha kidole juu ya kila mpira wa maji: mikavu. Alivuta mkanda wa feni: umekaza. Alichomoa kijiti cha mafuta, akakiangalia juani: mafuta meusi, safi, hayakugeuka maziwa, kwa hiyo maji hayakuingia kwenye mafuta. Alifungua ile termosta, kidude cha shaba kinachoachia maji yapite injini ikipata moto, akakitia ndani ya sufuria ya chai ya Maman, juu ya makaa.

"Leo tutakunywa chai ya mafuta?" Maman aliuliza.

"Nyamaza. Ninaangalia kama inafunguka."

"Na ikifunguka, itasema nani mwizi?"

Ilifunguka yenyewe maji yalipochemka, vizuri kabisa, kama mdomo wa samaki. Papa alisikitika kuiona nzima. Angeikuta imekufa, angelala.

Jioni alinipa ungo wa jivu, nikalitandaza chini ya gari lote kuanzia pua mpaka mkia, laini kama unga. Kama maji yanadondoka, asubuhi tutaona shimo la tone. Asubuhi Papa aliniamsha mwenyewe. Jivu lilikuwa kavu. Hakukuwa na tone hata moja. Kulikuwa na nyayo za kuku, na mbele, pembeni ya pua ya gari, kulikuwa na nyayo mbili za mtu mzima, peku, zimesimama zikitazama kapo.

Papa alichuchumaa, akaziangalia muda mrefu. Kisha akazifuta kwa kiganja. "Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona. "Basi funga mudomo. Kesho alfajiri utakaa jikoni, utachungulia. Weye ndiyo jicho yangu."

Jicho lake! Papa hakuwahi kuniita kitu kizuri kama hicho. Nilikuwa na kaka wawili wakubwa waliokuwa masomoni Butare, na mimi ndiye niliyeitwa jicho. Ningeweza kumwona hata shetani.

Alfajiri nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye moshi wa jana. Kabla ya adhana Mjomba alitoka, peku, birika mkononi. Alitazama chumba cha Papa. Alitazama njia. Akainua kapo polepole sana, akashika kile kifuniko cha radiatere kwa pindo la shati, akakifungua. Halafu akainamisha birika, na midomo yake ikawa inatembea. Nilisikia maji na nikasikia mnong'ono. Akafunga, akapangusa alama za mikono yake kwa kiwiko, akaenda nyuma ya nyumba kuchukua udhu.

Ninyi mliokulia nyumba za Kiislamu mnajua tulivyolelewa. Tulijua kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani kwa zafarani, zikasuuzwa, mgonjwa akanywa akapona. Mtoto anayejua kuwa kuna maji yanayosomewa ili mtu apone, hashindwi kuamini kuwa kuna mengine yanayosomewa ili gari life. Nilikimbia kwa Papa.

"Anamwagia dawa ndani. Anaisomea."

Papa alitoka na shati la kulalia. Alifungua radiatere, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Nikaona uso wake unabadilika.

"Tamu," akasema.

Yalikuwa matamu kweli. Aliniacha nionje, nami nikaonja. Ni ile dawa ya kijani ya Ulaya, ya kuzuia maji yasigande, iliyokuwa bado imebakia humo kidogo, na ni sumu, mtoto asiionje. Lakini nani anayeonja maji ya gari lake kabla hajaanza kumshuku mtu? Papa hakuwahi. Kwake sukari ilikuwa imeingia asubuhi ile. Akaenda moja kwa moja kwenye kopo la sukari la Maman, akalifungua. Lilikuwa limeshuka.

"Sukari hii ilijaa Jumapili. Nani anaikula?"

Maman akasema hajui. Mimi nilijua. Ni mimi niliyekuwa nalamba sukari kila mchana, kijiko kwa kijiko, nikiwa nimesimama juu ya kibao. Nilisimama pale, jicho la Papa, ulimi bado una utamu wa radiatere, nikanyamaza.

Papa alimvuta Maman chumbani, lakini ukuta wa kwetu ulikuwa wa mbao.

"Siku ya Ijumaa, tukitoka musikitini, nitamupeleka kwa konseye ya mutaa. Bamuulize yeye alikuwa wapi na alikuwa anakula na nani."

"Baba batoto, konseye atamupa baaskari."

"Ndiyo."

"Yule wa jirani alipelekwa kuulizwa. Alirudi?"

"Kama iko musafi atarudi."

"Ni mutoto ya mama yangu!"

"Na ile kona ya Rwimbogo, bale batu anachekaka nabo, ni batoto ya mama yako? Siku moja batatoka kwenye migomba na panga. Mimi na binti yako ndani ya gari. Ni hiyo unangojea?"

Nilimsikia Maman akikaa kitandani. Mjomba alikuwa uani anapiga mluzi huku anapangusa magunia.

Papa alikuwa na safari moja kabla ya Ijumaa, mchele ulikuwa unamngojea, na akaamua safari hiyo iwe mtego. Siku ya Alhamisi alimwaga maji yote ya radiatere, akasuuza, akajaza mapya kwa mkono wake. Kisha akachukua uzi mwekundu kwenye kikapu cha Maman, akaufunga juu ya kifuniko, akapitisha chini ya shingo ya radiatere, mafundo matatu. Mtu akifungua, uzi utakatika. Mjomba alipokuja kukaa mahali pake, Papa akasema, "Leo utakaa nyuma, juu ya magunia. Binti atakaa mulangoni."

"Bon," Mjomba akasema. "Upepo nayo ni muzuri." Akanikonyeza.

Tuliteremka bila shida. Bugarama tulipakia, wakaswali, Mjomba akapanda nyuma na miguu yake ya udhu. Papa akakagua uzi: mzima. Tukaanza kupanda. Nilikuwa nimevua kandambili, nimetia miguu kwenye kapeti, najiona mke wa mkubwa. Kapeti ilikuwa kavu. Nakumbuka sana kwamba ilikuwa kavu.

Baada ya vilima viwili vitatu kioo cha mbele kikatoka jasho kwa ndani. Papa alikifuta kwa mkono wa shati. Siku zote alisema ni pumzi ya Mjomba anayeongea kupita kiasi, na leo Mjomba hakuwepo na mimi nilikuwa nimefunga mdomo. Alikifuta tena. Halafu nikasikia ubichi chini ya vidole. Nikatazama nyuma kupitia kioo kidogo: Mjomba alikuwa juu ya magunia, amepiga magoti, ameshika shati lisipeperuke. Nikatazama chini. Kapeti ilikuwa inageuka rangi polepole, kuanzia kwa juu, chini ya dashibodi.

Tone la kwanza liliniangukia juu ya mguu. Lilikuwa la moto. Moto wa kuchoma, moto wa chai. Nikauma midomo. Likaja la pili mahali palepale.

Udhu ni wa maji baridi. Hata mtoto wa la nne anajua hilo. Na hapo hapo nikajua kila kitu, nikajua kama mtu anavyojua amejikojolea: si kwa kufikiri. Nikisema maji yako hapa, basi Mjomba alikuwa hatoi maji wala hasomei kitu, na jicho la Papa lilikuwa limeona uongo, na ile sukari itaulizwa ilikwenda wapi. Nikavuta mguu pembeni. Nikaacha tone lianguke kwenye kapeti. Tulipita nyumba ngapi sijui, mimi nimenyamaza, mshale unapanda.

Kona ilipofika, gari likasimama.

Papa alishuka na bufa ya magurudumu mkononi, kile chuma cha kufungulia nati. Akafungua kapo. Mvuke ukampiga kifuani. Uzi mwekundu ulikuwa pale pale, mafundo matatu, haukuguswa. Alingoja, akakata uzi mwenyewe, akafungua kifuniko kwa gunia. Tupu.

Nilidhani ataona kuwa Mjomba hana kosa. Kumbe hofu haihesabu hivyo. Alirudi nyuma hatua mbili, uso umekuwa wa majivu.

"Bila kufungua," akasema peke yake. "Anakunywa mayi bila kufungua." Halafu akapaza sauti: "Amuri! Shuka!"

Mjomba akaruka chini, anapangusa vumbi. Yule mwanamke wa bidoni alikuwa ameshatoka kwenye migomba, maji kichwani. "Amuri, leo mumechelewa," akasema, "mayi nilishachota zamani." Aliposikia Mjomba anaitwa jina, Papa akainua kile chuma.

"Bako wangapi kule ndani? Sema! Umebaambia tunapita saa ngapi?"

"Shemeji, ba nani?"

"Sema, ama nitakupasua kichwa mbele ya binti yangu!"

Mjomba hakukimbia. Nadhani alikuwa ameshakimbia sana. Alisimama mikono imelegea, akamtazama Papa kama mtu anayetambua sauti aliyoisikia mahali pengine. Hiyo ndiyo iliyonitoa garini. Mkono ule ulikuwa juu, na ulikuwa unatafuta tu neno moja la kuushusha.

"Papa, mayi iko humu! Iko humu ndani!"

"Rudi ndani!"

"Imenichoma!" Nikainua mguu wangu barabarani, nikiruka kwa mguu mmoja. Juu yake palikuwa na malengelenge mawili, makubwa kama maharagwe. "Mjomba iko nyuma na kapeti iko mbichi! Haiko udhu, Papa! Ni ya moto!"

Mkono ukakaa juu kidogo zaidi. Kisha ukashuka. Papa akaja, akaangalia mguu wangu, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akautoa haraka akiupuliza. Akang'oa ile kapeti. Chini yake palikuwa na dimbwi, na chuma kimeliwa na kutu, kutu ya miezi, kutu iliyokuwepo kabla Mjomba hajavuka daraja. Kwenye dimbwi palifuka mvuke.

Alizunguka mbele, akaifuata mipira kwa kidole. Mikubwa miwili inakwenda kwenye radiatere. Midogo miwili inatoka kwenye injini, inatoboa ukuta, inaingia ndani kwa watu. Aliipita mara mia na hakuwahi kujiuliza.

"Ju ya nini mayi ya moto inaingia ndani ya gari?" akauliza, na kweli alikuwa anauliza.

Yule mwanamke wa bidoni ndiye aliyejibu, naye alikuwa anacheka kwa woga. "Labda bazungu banaogaka miguu."

Ni shofaje. Kwenye theluji wanapitisha maji ya injini kwenye kikapu kidogo cha chuma nyuma ya dashibodi ili wapate joto. Nani alisikia baridi Bugarama? Papa hakujua gari lake lina kitu hicho, na kitu hicho kilikuwa kimetoboka. Injini ikipata moto, maji yanasukumwa, yanatokea hapo, kwenye miguu ya yule anayekaa mlangoni. Gari likipoa, hayatoki tena. Kwa hiyo jivu lilikuwa kavu.

Papa alichomoa mipira midogo yote miwili, akachukua mmoja, akaukunja, akautoa kwenye injini na kuurudisha kwenye injini, usipite ndani, akaufunga kwa waya. Dakika chache tu. Mjomba alimshikia waya. Halafu Mjomba akainama, akaokota ule uzi mwekundu uliokatwa, akauzungusha kidoleni kama mafundi wa nguo wanavyofanya.

"Hii ilikuwa ya kufunga nini?"

"Kifuniko isianguke."

"Uzi ya pamba haishikake chuma, shemeji." Akayahesabu mafundo. "Hii ni ya kujua nani anafungua." Papa alikuwa anakaza waya uliokwisha kukaza. "Mimi nilikuwa ninafungua. Kila asubuhi. Nilikuwa ninakuta mayi imeshuka kidogo, ninaongeza na birika, ninasema Bismillahi, tusilale kwenye mulima. Ulikataza kugusa kapo. Ndiyo nilikuwa ninajificha."

Papa akasema, "Jaza mayi." Ndilo neno pekee alilolipata.

Tulipanda mpaka Kamembe na mshale ulilala. Papa aliukodolea macho njia nzima kana kwamba na wenyewe unamdanganya. Nyumbani Maman alimkimbilia, akamuuliza kwa macho. Papa akapita. "Kesho ni Ijumaa," akasema, akaingia kulala. Nimewahi kumlaumu kwa hilo kuliko kwa ile bufa. Kinywa chake kilikuwa kizito, hakikuweza kutoa maneno mawili ya kumpumzisha mke wake. Na mimi? Mimi ningeweza kumwambia. Lakini ningeanzia wapi, nisiifikie sukari? Nilipaka mguu asali, nikalala.

Ijumaa Papa na Mjomba walikwenda msikitini pamoja, kanzu zimepigwa pasi. Walipopinda kona tu, Maman alitandaza kitenge sakafuni. Aliweka mashati mawili ya Mjomba, mkasi, sabuni, mikate aliyoioka akilia, akafunga mafundo kwa meno. Alitaka akimfuata huko watakakompeleka awe na kitu cha kumpa. Akaketi mlangoni na lile furushi mapajani. Mimi nilikaa karibu yake. Bado sikusema.

Swala ikaisha. Watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kofia nyeupe zikapita. Halafu wakatokea kwenye kona: Papa mbele, na hatua tatu nyuma yake Mjomba, analamba vidole vilivyoshika ndizi aliyonunua njiani. Maman alisimama. Akaketi. Vidole vyake vikaanza kupapatika kwenye mafundo, anajaribu kufungua kabla hawajafika, na mafundo aliyafunga kwa meno, hayafunguki. Mjomba alifika furushi likiwa limefunguka kona moja, na shati lake la bluu linachungulia.

Alilitazama shati, akalitambua furushi la mtu anayepelekwa kwa askari. Alimtazama Papa, na Papa akatazama viatu vyake. Kisha akamtazama dada yake.

"Kumbe na weye ulijua."

"Amuri," Maman akasema. "Amuri, ingia ukule."

Aliingia. Alikula na sisi, sinia moja, akala akashiba, akamtania hata kuku. Hakuniuliza chochote, wala hakuutazama mguu wangu. Alipokwisha kunawa aliliokota lile furushi, akakunja shati vizuri zaidi ya alivyolikunja Maman, akafunga kona iliyokuwa imefunguka. Alisema huko Giheke kuna fundi anayetafuta mtu wa kushona sare za shule. Maman akalishika furushi, akalivuta. Mjomba akaviondoa vidole vya dada yake kimoja kimoja, taratibu, kama anavyotoa pini kwenye nguo.

Papa alisimama mlangoni, akatoa ufunguo mfukoni.

"Nitakupeleka na gari. Imepona."

"Najua imepona, shemeji," Mjomba akasema, akashika njia kwa miguu.